Lushoto kwa miguu: mwongozo wa siku tatu kwa anayetoka Dar

Kuanzia Desemba hadi Machi Dar haikaliki. Feni inazungusha joto, shuka zinalowa, na kila mwenye mapumziko ya siku mbili tatu anatafuta pa kukimbilia. Wengi tunaishia Kigamboni, Bagamoyo au kwenye boti ya Zanzibar, ambako joto ni lilelile. Na huku safari ya basi ya kutwa moja tu kutoka Mbezi kuna mji mdogo ambako watu wanalala na mablanketi mawili: Lushoto, juu ya Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari.

Watu wa Dar wanaokwenda huko nawasikia kila mwaka, na nafurahi. Kinachonisikitisha ni namna wengi wanavyokwenda: wanapanda na gari mpaka Irente, nje kidogo ya mji ambako mlima unakatika ghafla, wanapiga picha ukingoni, wanakula nyama choma, kesho yake wanageuza. Wakifika nyumbani wanasema Lushoto pazuri ila hakuna cha kufanya. Vipo vya kufanya, tele, lakini havionekani kwenye dirisha la gari. Lushoto inataka miguu, inataka asubuhi, na inataka mwenyeji wa kutembea naye. Mpango huu nimeupanga hivyo, kwa mtu wa kawaida ambaye hajawahi kupanda mlima, mwenye siku tatu za kutembea ukiacha ile ya kwenda na ile ya kurudi.

1. Chagua mwezi kabla hujachagua pa kulala

Usambara inapata mvua mara mbili kwa mwaka kama sisi, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Masika iache ipite. Njia za udongo mwekundu zinateleza vibaya, ukungu unakaa mpaka mchana, na mvua zikizidi udongo huporomokea barabarani.

Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli. Usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kitu ambacho mkazi wa Temeke au Tabata hajawahi kukipata kitandani kwake. Kwa kutembea ni msimu mzuri, maana hutoki jasho, na Sabasaba na Nanenane zinakupa siku ya kuunganisha na wikiendi. Tatizo ni mawingu, ambayo huziba mandhari mara kwa mara. Anayetaka kuona mbali aende Septemba au mwanzo wa Oktoba, au Januari na Februari. Mimi chaguo langu ni Januari, kwa sababu plamsi na mapichi ndipo yanapojaa.

Jihadhari na Desemba. Wiki ya Krismasi barabara ya kaskazini ni ya wanaokwenda Moshi, Rombo na Machame kula sikukuu kwao, na tiketi zinaadimika kwa mabasi yote ya upande ule, hata ya kwako usiyefika huko.

2. Jiandae ukiwa bado Dar

Huhitaji vifaa vya gharama. Nenda kwenye mitumba ya Karume asubuhi mapema marobota yanapofunguliwa, utafute vitu vitatu: sweta nzito, jaketi jepesi lisilopitisha maji, na raba zenye soli yenye meno. Raba ndizo za kuzikagua kwa makini. Ikunje soli kwa mikono miwili: ikijikunja katikati kama chapati, iache, haitakushika kwenye mteremko. Kisha zivae wiki nzima hapa mjini, kazini na sokoni, zikuzoee kabla ya kupanda nazo. Malengelenge ndiyo yanayowaharibia safari watu wengi kuliko urefu wa mlima.

Ongeza soksi za kutosha, kofia ya kulalia kama unakwenda Juni au Julai, tochi, na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nguo ziwe za heshima. Lushoto ni mji wa misikiti na makanisa, na vijijini mama mwenye suruali ya kubana akijifunga kanga juu yake anapokelewa kwa uso mwingine kabisa. Kaptula fupi, kwa wanaume pia, ziache Koko Bichi.

Fedha: wakala wa simu wapo mjini na benki ipo, lakini ukishatoka mjini mambo ni ya taslimu. Beba noti za elfu moja na elfu mbili. Mama anayeuza ndizi njiani hana chenji ya elfu kumi.

Na mazoezi? Kama unaweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita bila kusimama, unaiweza Irente. Msitu wa Magamba, wa siku ya pili, unataka zaidi kidogo. Anza kutembea wiki mbili kabla, jioni, kwa mwendo wa saa nzima.

3. Kata tiketi, kaa upande wa kulia

Mabasi ya Lushoto moja kwa moja yanaondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri na asubuhi. Kata tiketi siku moja kabla, dirishani, uhakikishe imeandikwa Lushoto na siyo Mombo. Wapiga debe wa getini watakwambia la Lushoto limeshaondoka, panda hili. Nenda mwenyewe dirishani ukaulize. Ukilikosa kweli, basi lolote la Moshi au Arusha litakufikisha: mwambie konda tangu mwanzo kwamba unashuka Mombo, kisha hapo utapata Noah au kosta za kupanda mlimani.

Chagua kiti cha dirishani upande wa kulia. Mpaka Chalinze hakuna tofauti, lakini ukishakunja kulia pale na kupita Msata, daraja la Wami, Mkata na Segera, jua la mchana linakuja upande wa kushoto na milima inajitokeza upande wa kulia. Baada ya Korogwe inakuwa ukuta wa kijani unaoambatana na barabara, na chini yake mashamba ya mkonge yamepangwa mistari. Mkonge huo una historia yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya Tanga yalianzia kwenye miche hiyo.

Mombo ni joto kama nyumbani. Hapo ndipo unapoiacha barabara kuu, na kilomita 33 zinazofuata zinakupandisha karibu mita elfu moja. Barabara ni ya lami, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, mto ukiwa bondeni. Fungua dirisha. Hewa inabadilika kona kwa kona, na ukifika Soni utaanza kutafuta sweta yako. Maporomoko ya Soni yanaonekana kutoka barabarani. Usihangaike kuyapiga picha ndani ya basi, tutayarudia.

Ukiendesha gari lako mwenyewe, panga kufika Mombo kabla ya saa kumi jioni. Ukungu ukishashuka na giza likaingia, kona zile si za mgeni. Wakati wa kupanda piga honi kabla ya kila kona usiyoona mbele yake, na ukikutana na fuso lililojaa kabichi, lipishe, lenyewe haliwezi kusimama kirahisi. Wakati wa kushuka weka gia ndogo uache injini ishike gari. Anayeshuka kwa kukanyaga breki tu kilomita zote hizo zitamchemkia kabla hajaiona Mombo. Wenye magari madogo wengi hupitia Bagamoyo na kutokea Msata ili kukwepa malori ya Kibaha na Chalinze, na hiyo ni busara, hasa Ijumaa.

4. Jioni ya kwanza: tafuta mwenyeji

Pa kulala sitasema mengi. Kuna gesti za mjini karibu na stendi, kuna hosteli za makanisa zilizo safi na tulivu, na kuna nyumba za wageni za bei ya juu kidogo nje ya mji, upande wa Irente na upande wa Magamba. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni mawili: maji ya moto yapo saa ngapi, na mablanketi mangapi. Mengine utayazoea.

Kazi kubwa ya jioni hii ni kumpata wa kukuongoza. Utalii wa kitamaduni Lushoto ulianza kupangwa katikati ya miaka ya 1990, na vikundi vya waongozaji vina ofisi zao mjini. Nenda ofisini, usimfuate kijana aliyekudaka stendi kabla hujashusha begi. Wengi wa vijana hao ni watu wazuri, lakini ofisini unapata risiti, unamwona mtu mwenye kitambulisho, na ukipata shida unajua pa kurudi. Kubalianeni kwa maneno yaliyo wazi: njia ipi, saa ngapi, nani analipa kiingilio cha msitu, chakula kimo au hakimo, na kama kuna bodaboda ya kurudia. Waambie pia umezaliwa wapi na unaishi wapi. Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni wa nje, na kitambulisho chako cha NIDA kinamaliza ubishi.

Najua swali la ndugu zangu wa Dar: mimi Mtanzania mwenzao, naongea Kiswahili, mwongozaji wa nini? Wa kukusalimia watu kwa Kisambaa, kwanza. Njia nyingi zinapita kati ya mashamba na nyua za watu, na anayepita na mtoto wa pale anapita kama mgeni wa mtu. Pili, ndiye anayejua kwamba mti huu ni mkulo, kwamba kile kijiti kinachotikisika ni kinyonga, na kwamba mzee aliyekaa pale barazani ndiye wa kuulizwa habari za machifu.

Ukibakiwa na saa ya mwanga, zunguka mjini. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipanda huku kukimbia joto la pwani kama unavyofanya wewe. Majengo ya zama zao bado yapo. Kabla yao nchi hii ilikuwa ya Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, na Kimweri ye Nyumbai aliitawala kutoka Vuga, si mbali na Soni, katika karne ya 19, akitambuliwa hadi pwani.

5. Siku ya kwanza: Irente kupitia Yoghoi

Irente iko kama kilomita sita kutoka mjini. Gari linafika kwa dakika chache, na ndiyo maana watu hawaioni. Toka saa mbili asubuhi kwa miguu, ukipitia Yoghoi, na ujipe saa mbili za kwenda.

Nusu saa ya kwanza ni mlima. Usishindane na mwongozaji. Yeye huo mlima amekwenda nao shule. Panda kwa hatua fupi, pumua kwa pua, ukihema sana simama utazame shamba. Hapa pana la kutazama. Kila mteremko umekatwa matuta, na kwenye ukingo wa kila tuta wamepanda majani ya tembo. Mizizi inashika udongo usishuke na mvua. Majani yanakatwa asubuhi na kupelekwa kwa ng'ombe anayefugwa ndani ya banda, maana mlima mkali hivi huwezi kuchunga. Samadi ya banda inarudi shambani, inaingia kwenye shimo la kabichi, na kabichi inapanda fuso usiku kuja Ilala na Kariakoo. Utakutana na akina mama wakishuka na mizigo ya majani iliyowafunika mpaka mabegani, unaona miguu na majani tu. Wapishe upande wa juu wa njia, wasalimie, na kwa aliyekuzidi umri shikamoo isikosekane.

Matuta haya hayakukubaliwa kirahisi. Baada ya mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo, kaskazini mwa hapa, kuyachimba kwa amri, wakayapinga kwa nguvu mpaka mpango ukafa. Muulize mwongozaji wako, au mzee yeyote mtakayemkuta, nini kilichobadilika hadi leo watu wanayachimba wenyewe. Mazungumzo hayo peke yake yanalipa nauli.

Kisha nyumba zinakwisha, njia inakuwa mwamba, na ghafla hakuna mbele. Ukuta wa mlima umekatika, na bonde liko karibu mita elfu moja chini yako. Unaona Mazinde, mistari ya mkonge, reli, na barabara kuu uliyopita jana, na ng'ambo yake nyika ya Umasai mpaka macho yanapoishia. Kaa chini, usisimame. Upepo wa hapa huja kwa kushtukiza na sehemu kubwa ya ukingo haina uzio. Watoto washikwe mkono muda wote, na picha ya kuruka juu ukingoni nakuomba kabisa usiipige. Ukikaa kimya utaanza kusikia vitu vya chini: honi ya lori, mbwa, sauti ya mtu anayeita. Na mara nyingine ndege mwewe anapita chini yako, unamwona mgongo.

Wakati wa kurudi ingia kwenye shamba la Irente, linaloendeshwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Wanatengeneza jibini, mkate na jamu kwa mazao ya hapohapo, na unaweza kula chakula cha mchana bustanini. Chukua jibini. Umeona majani, umeona ng'ombe, sasa kula.

Anayependa jua la kuzama anaweza kugeuza mpango akaenda saa tisa alasiri, kwa kuwa Irente inatazama magharibi. Ila akodi bodaboda ya kumrudisha, kwani saa moja ni giza totoro na njia ya mkato haifai kwa tochi ya simu.

6. Siku ya pili: msitu wa Magamba

Kama ungepewa siku moja tu Lushoto, mimi ningekupeleka Magamba kabla ya Irente, na najua wengi watanibishia. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kilomita chache kaskazini mwa mji. Lipa kwanza: utapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unaonyesha risiti. Mwongozaji anaweza kukufanyia jioni ya kuamkia ili msipoteze asubuhi.

Anzeni saa moja. Bodaboda au daladala hadi Magamba, kisha miguu. Sehemu ya mwanzo ni miti ya kupandwa, misonobari na mikaratusi, imenyooka na chini ni pakavu. Halafu unavuka mstari ambao huhitaji kuonyeshwa. Mwanga unapungua, ardhi inakuwa laini, kila shina limevaa kuvu na kila tawi linadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Upepo wa Bahari ya Hindi unaotupiga sisi ufukweni unafika mpaka huku, unagonga milima, unapanda, unapoa, na unyevu wake unageuka ukungu unaokamatwa na majani haya. Ndiyo maana mito inatoka hapa hata kiangazi. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa, na kwa kuwa kila kipande cha msitu kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno, kuna viumbe wa hapa ambao huwezi kuwapata pengine popote duniani. Kile kiua cha zambarau kinachopandwa kwenye vyungu madirishani kwa Wazungu, kilichukuliwa kwenye milima hii ya Usambara mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, akakipeleka kwao.

Namna ya kutembea msituni: mwongozaji mbele, watu kwa mstari, sauti chini. Mbega unawasikia kabla ya kuwaona, mngurumo mzito wa kukwaruza unaotoka juu ya miti. Ukiusikia, simama. Tafuta mkia mrefu wenye ncha nyeupe unaoning'inia, kisha macho yatampata mwenyewe, mweusi, amekaa akitafuna majani. Hana haraka, nawe usiwe nayo. Kaa hapo hata nusu saa. Kinyonga ni kazi ya mwongozaji. Wa hapa dume lake lina pembe mbili puani, na yuko kwenye vichaka vya pembeni mwa njia kuliko katikati ya msitu. Usimshike, usimhamishe tawi kwa ajili ya picha.

Waongozaji huonyesha pia mahandaki yanayosimuliwa kuwa ya Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Wenye kupenda historia wafike. Mimi hubaki na mbega.

Beba chakula cha mchana na urudi nacho kila kifuko. Mvua ya ghafla ni kawaida huku hata Januari, kwa hiyo jaketi likae begani, lisibaki gesti. Ukianza kutetemeka kwa kulowa, mwambie mwongozaji mrudi, kilele kisikudanganye.

7. Siku ya tatu: kwa wenye miguu iliyochoka, na kwa wenye miguu bado

Misuli ya mapaja itakuwa inalalamika, hasa ukishuka ngazi. Kama ni hivyo, teremka Soni kwa kosta, kilomita kama 15. Shuka ukatazame maporomoko kwa utulivu, kwa njia ya miguu, na mtu wa pale akuonyeshe pa kukanyaga kwa sababu mawe yana utelezi. Kutoka Soni unaweza kwenda Sakharani, shamba la watawa Wabenedikto, wanakolima makadamia na kutengeneza divai. Ni matembezi ya mashambani, yasiyo na mlima wa kukutisha.

Kama miguu bado ipo, omba njia ya mto Bangala. Hapa mnatembea bondeni, na sehemu nyingine ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo raba za kulowa na siku isiyo na mvua ya juu mlimani. Mwongozaji akisema leo hapana, usibishane naye. Mto wa mlimani hujaa kwa mvua usiyoiona ulipo.

Na aliyejaliwa siku mbili zaidi aende Mtae. Ni kijiji kilicho mwisho kabisa wa milima upande wa kaskazini, zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto, basi linatambaa saa nyingi kupitia Lukozi, ambako magunia ya viazi na karoti yanapakiwa barabarani. Watembezi huchukua siku tatu kwa miguu, wakilala njiani kwa masista wa Rangwi. Mtae mlima unakatika pande mbili, na asubuhi isiyo na mawingu unaona nyika ya Mkomazi na, mbali kabisa, Kilimanjaro. Kwangu mimi hakuna mahali Tanzania pa kunywea chai ya alfajiri panapozidi pale.

8. Kununua na kurudi

Jioni ya mwisho pita sokoni. Nunua kwa mkulima mwenyewe ukimpata. Bei anayolipwa na dalali shambani ni ndogo sana kulinganisha na ile unayolipa wewe Kariakoo, na ukimpa elfu moja zaidi bado umefaidi. Usimkandamize bei ya sado ya karoti aliyoibeba kichwani kutoka mlimani. Plamsi nunua zilizo ngumu kidogo, zenye rangi lakini bado hazibonyei, zitaiva njiani. Ziweke kwenye boksi lenye matundu, tabaka mbili tu, katikati weka gazeti. Peasi zinavumilia, mapichi hayavumilii hata kidogo.

Basi la kurudi linaondoka asubuhi na mapema, na tiketi yake ikate siku uliyofika, hasa kama unarudi Jumapili. Boksi la matunda lisiingie kwenye buti, maana pale chini Mombo joto la buti litalipika. Liweke miguuni. Sweta ivue ukifika Soni, siyo kabla, na ukikaribia Mbezi uwe umeshaamua nani anakuja kukupokea, kwa sababu ukiteremka usiku na mizigo, bodaboda wa getini watakutajia bei ya mgeni.